Bustani Ipangwe Kuanzia Septemba

Mwezi Januari hakuna mtu Kalamba, kaunti ya Makueni, anayelilia tunda. Miembe imeelemewa, maembe ya aina ya ngowe na apple yamejaa magunia kando ya barabara, mabroka wanataja bei waitakayo, na watoto wanakula maembe mpaka midomo inawawasha. Majani ya kunde yameshachumwa mara nyingi, maboga yamelala shambani, ndengu zimeanikwa uani. Rudi Septemba. Ua ni vumbi tupu, mwembe ndio kwanza una maua na vijitunda vichanga, na mboga ya jioni ni sukuma wiki ya kununuliwa sokoni, ikiwa pesa ya kuinunua ipo. Shamba ni lile lile na familia ni ile ile.

Mazungumzo mengi kuhusu bustani za nyumbani huko Makueni na Kitui huanzia kwenye mvua: mvua ikinyesha tupande nini, mbegu gani, mbolea kiasi gani. Mimi naona tunaanzia upande usiofaa. Mvua ikiwapo, karibu kila boma la Kalamba lina mboga bila mtaalamu yeyote kuhitajika. Swali gumu ni familia itachuma nini mwishoni mwa kiangazi, na anayetaka kulijibu inambidi aanze na Septemba, arudi nyuma mwezi kwa mwezi, ndipo ajue cha kupanda Oktoba, na cha kupanda miaka minne kabla.

Kalamba iko karibu digrii mbili tu kusini mwa ikweta, si mbali na mlima Nzaui, kwenye nchi ya mwinuko wa wastani isiyo na baridi ya barafu wala joto la Pwani. Urefu wa siku haubadiliki kwa kiasi cha kusumbua mmea. Vitabu vya bustani vilivyoandikwa kwa ajili ya Ulaya humfundisha mkulima kuhesabu majuma tangu barafu ya mwisho; kwetu kinachofunga na kufungua mwaka ni maji. Mvua za vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, ndizo Ukambani, nchi ya Wakamba, inazozitegemea zaidi, tofauti na sehemu nyingi za Kenya zinazoegemea masika. Masika ya Machi hadi Mei huku kwetu ni ya kubahatisha: yaweza kuja vizuri, yaweza kunyesha majuma matatu yakakatika. Na vuli nazo si za kuaminiwa kabisa, kwa kuwa hufuata hali ya joto la Bahari ya Hindi. Mwaka 1997, 2019 na 2023 zilimwagika kupita kiasi; kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, misimu mitano mfululizo ilishindwa katika maeneo mengi ya mashariki na kaskazini mwa Kenya.

Kwa hiyo kuna nafasi mbili kavu, na hazilingani. Januari na Februari ni joto na jua kali, lakini ghala lina nafaka na miti ina maembe. Juni hadi katikati ya Oktoba ndiyo ndefu. Nayo ina sehemu mbili: Juni, Julai na Agosti ni baridi, mawingu hutanda asubuhi, udongo haukauki upesi na mboga huvumilia maji machache, kisha Septemba jua linarudi kwa nguvu, visima vinashuka, na kila jani lililobaki linatafutwa na mbuzi. Hapo ndipo bustani inapopimwa.

Wakamba hawaanzi leo kupambana na ardhi hii. Makueni ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos mpaka ilipotengwa mwaka 1992, na Machakos ya miaka ya 1930 iliandikwa na maofisa wa kikoloni kama nchi iliyokwisha kuharibika, udongo ukitiririka kila mvua inyeshapo. Serikali ikaamua kupunguza ng'ombe kwa nguvu, na mwaka 1938 Muindi Mbingu akaongoza maelfu ya watu hadi Nairobi kupinga. Kilichofuata kwa miongo kadhaa ni kazi ya jembe: matuta ya fanya juu, ambapo mtaro huchimbwa kufuata mkingamo wa mteremko na udongo hutupwa upande wa juu, mpaka kilima kizima kikawa ngazi. Watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walipoandika historia hiyo katika kitabu cha mwaka 1994, walionyesha kwamba watu waliongezeka kutoka kama 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930 hadi karibu milioni 1.4 mwaka 1989, na bado mmomonyoko ulipungua. Nalitaja jambo hili kwa sababu moja: anayesema Kalamba ni kame mno kwa bustani anasahau kwamba watu wa hapa walishajenga upya milima yao kwa mikono. Ila juhudi hiyo kubwa ilienda kwenye shamba la mahindi, maharagwe na pamba. Sehemu iliyo karibu na jiko iliachwa ijisimamie.

Tuhesabu maji, maana hapa ndipo ndoto nyingi za bustani huvunjika. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Nyumba yenye paa la mita za mraba 50, ikipata milimita 200 za masika, imemwagiwa lita 10,000. Mifereji huvuja, mvua ya kwanza huosha vumbi, mengine hupita tangi likijaa. Tuseme lita 8,000 zimeokolewa, kama tangi la ukubwa huo lipo. Kuanzia Juni mosi hadi vuli zishike vizuri ni siku kama 140. Hiyo ni lita 57 kwa siku. Kitanda cha mboga katika jua la Septemba kinataka lita kama tano kwa kila mita ya mraba kila siku. Maana yake ni kwamba paa lote, bila mtu yeyote kunywa kikombe kimoja, linatosha mita za mraba 11. Na watu watakunywa, na watapika, na watafua. Kinachobaki kwa bustani kwa hakika ni maji ambayo yameshatumika mara moja: familia inayotumia mitungi minne ya lita 20 kwa siku yaweza kurudisha nusu yake udongoni, nayo ni lita 40, kitanda cha mita nane za mraba. Maji ya kuoshea mboga na nafaka yaende kwenye vitanda. Ya sabuni yaelekezwe kwenye shina la mgomba na mpapai, si juu ya majani ya kuliwa.

Ndiyo maana nadhani ni kosa kuzungumzia bustani moja. Kalamba ina haja ya bustani mbili katika boma moja. Ya kwanza ni ya mvua: pana, ya bei rahisi, inayofuata matuta na kuta za ua, yenye kunde, maboga, mchicha, mnavu, fiwi, ndengu, nayo haihitaji ndoo hata moja. Ya pili ni ya kiangazi, isiyozidi ukubwa wa chumba, karibu kabisa na mahali maji yanapomwagwa. Wengi hufanya kinyume chake. Hupanua kitanda cha sukuma Mei wakati udongo una unyevu, wakafika Agosti wakiwa na miche mingi kuliko ndoo walizonazo, na yote ikafa pamoja.

Hapo pia nina neno juu ya bustani za magunia. Gunia la udongo lenye mboga ubavuni lilisambazwa sana Kibera na mashirika ya misaada baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, na kule lilikuwa jibu zuri: watu walikosa ardhi, maji waliyanunua kwa mtungi lakini yalikuwapo. Baadaye gunia hilo hilo likapelekwa Ukambani. Lakini Kalamba shida si nafasi. Gunia lililosimama hupigwa na upepo na jua pande zote na hukauka haraka. Kwa nchi yetu kitanda kinachofaa ni kile kinachoshuka chini: chimba hadi magoti, weka mabua na nyasi kavu, changanya udongo wa juu na samadi ya boma, acha uso wa kitanda uwe chini ya ardhi inayokizunguka, kisha funika kwa nyasi. Maji hayakimbii, upepo haufiki. Tena samadi, ambayo mjini hununuliwa, hapa imelala zizini.

Wenye bahati ya kuishi karibu na mto wa msimu wana tangi jingine, nalo ni mchanga. Mto unapoonekana umekauka, maji yamejificha kati ya chembe, jua lisiyafikie. Ukuta wa saruji ukijengwa mahali penye mwamba, mchanga hujaa nyuma yake na kushika maji kwa miezi. Joshua Mukusya na wenzake wa Utooni, upande wa Machakos, walianza kazi hii mwaka 1978, na mabwawa ya mchanga yameenea Ukambani tangu hapo. Makueni ilipopitisha sheria yake ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, ilikuwa ikilinda pia mboga za Septemba, hata kama mjadala wakati huo ulikuwa juu ya malori ya kwenda Nairobi. Lori la mchanga likiondoka, maji ya kijiji yameondoka nalo.

Kitanda cha mita nane hakiwezi kulisha familia peke yake. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Kwa wazazi wawili na watoto wanne hiyo ni kama kilo mbili kila siku. Kilo mbili za Septemba hazitatoka kwenye sukuma wiki ya maji ya vyombo. Lazima nyingi zitoke kwenye mimea yenye mizizi iliyokwenda chini kuliko ndoo inavyoweza kufika, yaani miti na mbaazi.

Mbaazi, nzuu ya Wakamba, inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa. Aina ya zamani, ile ndefu, hupandwa na vuli, ikasimama kimya mahindi na maharagwe yakikua na kuvunwa, ikanywa masika, kisha ikatoa maganda mabichi Juni na Julai na kukomaa Agosti na Septemba. Imepita misimu miwili ya mvua ili izae katikati ya ukame. Watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Katumani wametoa aina fupi kama KAT 60/8, ambazo huzaa mapema na humfaa anayelenga soko au anayeogopa masika kukatika. Sina ugomvi nazo. Lakini kwenye ua wa nyumba ningeomba ile ndefu isiondolewe, kwa sababu bustani inahitaji chakula kichelewe. Uharaka unaosifiwa sokoni, jikoni unakuwa hasara: mbaazi ya Februari inaingia sahani moja na kila kitu kingine, ile ya Agosti inaingia sahani tupu.

Kwenye matunda hesabu ni hiyo hiyo. Mwembe hutoa kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, na ndio mti uliopandwa zaidi kwa sababu ndio unaolipa. Machungwa huiva kuanzia katikati ya mwaka, mavuno yakiendelea ndani ya kiangazi, na Makueni ni miongoni mwa kaunti zinazoongoza kwayo. Mti wake hauvumilii ukame kama mwembe, kwa hiyo mahali pake ni chini ya mtaro wa fanya juu, maji yanapotulia. Limau hutoa kidogo kidogo karibu mwaka mzima. Papai likipata maji ya bafuni halitambui miezi. Ukwaju huiva kiangazi bila kuomba chochote, na ubuyu wa kutoka upande wa Kibwezi na Kitui hukaa ndani ya ganda lake miezi na miezi. Watafiti wa ICRAF, kituo cha kilimo-misitu chenye makao yake Gigiri, walichapisha mwaka 2019 utaratibu wa kuchagua miti ya matunda kwa namna hii hasa, mti ukiingia pale mwingine unapotoka, huku wakitazama vitamini A na C. Machakos ilikuwa mfano wao. Nafurahi kwamba sayansi imefika hapo. Boma lenye miembe hamsini lina tunda miezi minne. Boma lenye miembe mitano, michungwa mitatu, mipapai kadhaa, mlimau na mkwaju lina tunda wakati wote, ingawa lina pesa chache za Januari, na hilo ni jambo la kusemwa wazi.

Upande wa majani ya kudumu, tuna la kujifunza kwa majirani. Kunde ni zetu, na aina kama Machakos 66 zilichaguliwa ili zitoe majani na punje pia. Lakini kunde ni za mvua. Mpwani akikosa mchicha huchuma kisamvu, akakitwanga na kukichemsha muda mrefu mpaka sumu yake iishe, kisha akakitia tui. Tanzania matembele, majani ya viazi vitamu, ni mboga ya kila siku. Ukambani mihogo na viazi vitamu vinalimwa, na majani yake mara nyingi huachiwa mifugo. Mlonge nao huchipua kiangazi. Kila mmoja kati ya mimea hii mitatu una uwezo wa kutoa jani bichi katika mwezi ambao sukuma imeshindwa.

Njia nyingine ni kulihamisha jani kutoka msimu wake. Wagogo wa Dodoma wana msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka, na wameishi nao kwa kukausha mlenda na majani mengine, wakayatia karanga miezi ya baadaye. Kwetu majani ya kunde yanaweza kuchovywa kidogo katika maji yanayochemka na kuanikwa kivulini, kwa kuwa jua kali huharibu vitamini A. Wakati mzuri ni mwanzoni mwa Januari, vuli zikiisha, kabla majani hayajawa magumu. Kwa maembe mpango umetengenezwa na hali ya hewa yenyewe: jua la Januari na Februari linakutana na mavuno. Vipande vyembamba juu ya wavu, vikifunikwa dhidi ya nzi, hukauka kwa siku chache.

Kalamba ina mfano mkubwa wa wazo hilo. Kiwanda cha matunda cha Makueni, kilichojengwa hapa na serikali ya kaunti katika uongozi wa gavana Kivutha Kibwana, kinasaga maembe kuwa rojo linaloweza kukaa muda mrefu likifungwa bila vijidudu. Kimewapa wakulima mnunuzi aliye jirani wakati soko limefurika. Lakini rojo hilo huondoka kwenda kwa watengenezaji wa vinywaji. Mtoto wa Kalamba halinywi Septemba isipokuwa mzazi amelinunua dukani. Ningependa kuona, karibu na kiwanda hicho, akina mama wakifundishwa kukausha kilo chache kati ya zile zinazokataliwa kwa sababu ya umbo au rangi.

Na maembe yasiyofaa kabisa yazikwe. Nzi wa matunda kutoka Asia, Bactrocera dorsalis, aligunduliwa Kenya mwaka 2003, na jike lake hutaga mayai chini ya ganda la tunda. Funza akishiba hutoka na kujificha udongoni. Ni kwa sababu yake Kenya ilisitisha kupeleka maembe Ulaya mwaka 2014, yakarudi 2021 baada ya mitego, chambo na usafi wa mashamba, Makueni ikiwa mstari wa mbele. Bustani ya nyumbani ina wajibu wake hapo. Mwembe mmoja wa uani ambao maembe yake yanaoza chini huzalisha nzi wa kushambulia shamba la jirani aliyenunua mitego. Kuokota yaliyoanguka kila siku na kuyafukia shimo la nusu mita au zaidi ni kazi ambayo mtoto anaiweza kabla ya kwenda shule.

Nani hasa anaamua? Katika maboma mengi mti wa matunda ni wa baba, na mboga ni ya mama. Machungwa ya Septemba yana bei nzuri kwa sababu ile ile inayoyafanya yahitajike nyumbani, na yatauzwa. Sioni ubaya wa kuuza. Machungwa machache yaweza kununua fungu la mboga na chumvi juu yake. Ubaya upo pesa ikiishia njiani. Familia kadhaa za mashambani zina desturi ya kutenga mti mmoja wa kila aina usiouzwa kamwe, ukiitwa wa watoto au wa nyanya yao, na naona utaratibu huo ni bora kuliko mafunzo mengi ya lishe. Ua wa kuzuia mbuzi pia ni uamuzi wa watu wawili: baada ya mavuno mifugo huachwa ijitafutie, na kitanda cha kijani katikati ya vumbi hakiwezi kudumu hata asubuhi moja bila miiba kuzunguka.

Nisieleweke kwamba nataka kila kitu kipatikane kila siku. Msimu una utamu wake, na bustani inayofuata msimu hulisha hamu pia. Mbaazi mbichi za Julai zikipikwa na muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, hazina mfano, na mojawapo ya sababu ni kwamba zimesubiriwa. Majani ya kunde ya juma la tatu baada ya mvua ni laini kuliko yatakavyokuwa tena. Watoto hufunga shule maembe yakianza kuiva, na hakuna likizo tamu kuliko hiyo. Kinachoniuma ni mwezi usio na zamu yake.

Anayeanza vuli zijazo ajue zamu hizo huja kwa kasi tofauti. Mashimo yachimbwe Septemba, kabla mvua haijafika, yajazwe samadi. Mbaazi ndefu ikipandwa mvua ya kwanza itakuwa chunguni Julai. Papai likipewa maji ya bafuni litakaribia kuiva Septemba inayofuata. Mchungwa uliounganishwa, ukinunuliwa kwenye kitalu kilichokaguliwa, utataka miaka mitatu au minne, na katika miaka hiyo ndoo moja au mbili kwa juma wakati wa kiangazi. Vitalu vingi vya Makueni bado vimejaa miche ya miembe kwa sababu ndiyo wateja wanayoulizia.